Mtaa Ambao Kaka Yangu Alikuwa Hajauona

Vumbi la kompyuta kuukuu likipata joto lina harufu yake, na likichanganyika na moshi wa risasi ya kulehemu mimi huwa nimekwisha. Juzi harufu hiyo ilinikuta katika kibanda cha kaka yangu Kioko, hapa Kawangware. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli nikimngoja afunge kazi twende kwa mama. Akanisogezea sanduku la kompyuta lililogeuka manjano kwa uzee, akachomeka waya, na feni iliyokuwa ndani ikaanza kulalamika. "Si unaikumbuka?" akaniuliza. Sikuhitaji hata kuiangalia. Pua ilikuwa imeshanirudisha mtaa wa Laini Saba, nikiwa darasa la pili, na mtungi wa maji mkononi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu mzima mwenye kazi ya heshima. Ninauza dawa, na wateja huniita daktari hata nikiwakataza. Lakini jioni na Jumamosi hutengeneza gemu, bila kulipwa na bila kuombwa, zile ambazo anayecheza huwa mtu ndani yake: anatembea mtaani, anaongea na watu, anatumwa huku na kule, anapotea njia, anaongezeka nguvu kidogo kidogo mpaka anaweza jambo lililomshinda mwanzoni. Watu huniuliza nilisomea wapi. Nikisema nilijifunza nikichota maji, wanadhani natania.

Tulihamia Laini Saba tukitoka huku huku Kawangware, mwaka ambao Kioko alianguka. Alikuwa amepanda juu ya paa la jirani kumrekebishia antena, bati likateleza, akashuka nalo. Mguu ulivunjika vibaya. Baba alikuwa akifanya kazi ya kuvunja mawe huko Machakos na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo mama ndiye aliyeamua kila kitu. Alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu mtaa wa Ayany, na kutoka Kawangware kwenda huko kila asubuhi, huku mgonjwa amelala ndani, kulimshinda. Akatafuta chumba karibu. Siku ya kuhama, Kioko aliletwa juu ya mkokoteni pamoja na godoro, masufuria na kompyuta yake, mguu umefungwa plasta, uso ukitazama mawingu. Akaingizwa ndani hivyo hivyo. Kichochoro chetu kipya hakukiona hata kidogo.

Ile kompyuta ilikuwa ya kuungaunga. Alikuwa amejifunza ufundi katika karakana fulani Kawangware, na kila mashine iliyokufa pale alichukua kiungo chake kimoja kizuri, mpaka akapata moja iliyo hai. Ndani yake kulikuwa na programu ya kutengenezea gemu aliyoikuta kwenye diski bila jalada. Kabla ya kuanguka hakuwa na muda nayo. Sasa muda ndio kitu pekee alichokuwa nacho.

Plasta ilitolewa, tukadhani mambo yameisha. Daktari akampa magongo na kumwambia mama, mimi nikiwa nimeshika sketi yake, "Huu mguu unataka kutembea. Akiukalisha utakauka, na ukishakauka hatuwezi kuurudisha." Maneno hayo yalimwingia mama. Kila asubuhi kabla ya kwenda Ayany alisimamisha magongo kando ya kitanda, na kila jioni aliyakuta palepale. Baada ya muda yalianza kutundikiwa taulo, kisha kikapu cha vitunguu. Mama aliomba, alibembeleza, alikasirika, akanyamaza. Kioko alisema tu kwamba atatoka akipona. Sasa ninajua kwamba aliogopa. Mtu aliyewahi kusikia mfupa wake ukilia hana hamu ya kwenda kuteleza kwenye matope ya watu asiowajua. Wakati ule mimi nilidhani ni uvivu, na nilimwonea wivu.

Siku moja nimeingia na maji, nikamkuta ameketi mbele ya skrini tupu.

"Mumbua, huko nje kuko aje?"

"Kubaya."

"Si hivyo. Ukitoka kwa mlango, unaona nini?"

"Naona mtaro."

"Alafu?"

"Alafu Baba Rispa na majiko yake. Alafu kanisa. Alafu kwa maji."

"Enda tena, uangalie poa. Niletee nje kidogo."

Nikaenda. Niliporudi nilisimama mlangoni kama askari na kutangaza, "Nimekuletea nje!" Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yangu kila nikitoka shule, na kila siku niliingia na tangazo lilelile.

Programu ile ilikuwa na vipande vidogo vya picha mfano wa vigae: cha udongo, cha maji, cha majani. Unavipanga kimoja kimoja mpaka unapata mji. Vilivyokuja nayo vilikuwa vya miji ya mawe na minara, miji ya watu wa farasi. Kioko aliviangalia akacheka kwa pua. Akachora kipande chake mwenyewe, cha bati lenye kutu na msumari mmoja, akakirudia. Kuta za nyumba, ua wa ploti, choo, paa, kanisa, kila kitu kilijengwa kwa kipande kilekile kimoja, na nikiri kwamba kilipendeza kushinda ile minara.

Mimi sikujua kupima, kwa hiyo nilipima kwa mwili wangu. Aliponiuliza kwa maji ni mbali kiasi gani nilimwambia ni karibu ukienda na ni mbali ukirudi. Mtu mwingine angenirekebisha. Kioko alifikiri kidogo, kisha akamfanya shujaa wa gemu atembee upesi akiwa na mtungi mtupu na ajikokote ukiwa umejaa. Nikamwambia kuna mbwa mkubwa kama ng'ombe anayelala katikati ya njia, naye akachora mbwa aliyeziba kichochoro kizima, ambaye hakupisha mtu mpaka apewe ugali. Nikamwambia naogopa kuruka mtaro. Akaweka ubao juu ya mtaro.

Kuhusu watu alikuwa na sharti moja. "Kwa gemu, mtu akisimama hivi kando ya njia anakuanga na kitu moja ya kusema. Hata umwongeleshe mara mia. So usiniletee kila kitu. Niletee ile kitu yeye husemanga."

Hapo nikajifunza kusikiliza. Baba Rispa, mzee kutoka Magharibi aliyegonga majiko ya mabati mbele ya nyumba yake, alikuwa na neno moja kwa kila mteja: "Weka hapo, ukuje kesho." Jiko liwe bovu kidogo au liwe limepasuka katikati, ni kesho. Mama Shiko aliyeuza maji alisema, "Pangeni laini, hii maji haitoroki." Mchungaji wa kanisa la mabati alikuwa na, "Jumapili sikukuona," hata kwa watu aliokutana nao siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nilimletea Kioko maneno hayo yote nikiigiza na sauti zao, naye akayaandika huku mabega yakimtikisika. Kicheko chenyewe kilikuwa hakijarudi, lakini mabega yalikuwa yameanza.

"Na mimi husemanga nini?" nikamuuliza.

"Wewe bado."

"Niweke basi."

"Nitakuweka. Wewe unaongea mob, sijui nichague gani."

Niliuliza kila siku, na kila siku nikaambiwa bado. Hata mbwa alikuwa ndani ya gemu. Nililiona jambo hilo kuwa la dhuluma kabisa.

Shujaa mwenyewe alikuwa kijana mdogo wa jezi nyekundu, mwenye miguu miwili mizima. Hakuwa na jina wala neno lolote la kusema. Kioko alinieleza kwamba shujaa haongei kwa sababu shujaa ni wewe unayecheza, na si adabu kumwekea mtu maneno mdomoni. Kazi yake ilikuwa kutoka kwenye kichochoro chetu na kwenda mbali, ingawa mbali ni wapi Kioko alikuwa hajaamua. Aliniambia tu kwamba gemu ina mwisho na kwamba mwisho utakuja.

Sasa, lile la ubao. Siku chache baada ya Kioko kuweka ubao katika gemu, nilitoka nikaukuta mtaroni. Ubao wa kweli, wenye misumari, umelazwa pale pale nilipokuwa nikiruka. Bila shaka kuna mtu mzima aliyechoka kuwaona watoto wakitumbukia, na nina hakika ni Baba Rispa. Lakini mimi nilisimama juu yake. Nilikuwa nimeelewa siri. Kitu anachokiweka Kioko kwenye kompyuta kinatokea nje.

Ukishajua siri kama hiyo unaanza kuangalia mambo kwa makini, nami niliangalia nyumba yetu kwenye skrini. Nyumba ya Baba Rispa ilikuwa na mlango wa buluu. Ya Mama Shiko ilikuwa na wa mbao. Kanisa lilikuwa na pazia. Yetu ilikuwa bati, bati, bati, kutoka kona hadi kona. Haikuwa na mlango. Shujaa alianzia nje, ameupa ukuta mgongo.

"Huyu ametoka wapi?"

"Anaanzia tu hapo."

"Ndani kuko na nini?"

"Hakuna kitu ndani," Kioko akasema, akageuza uso.

Maskini mimi, nilikosa usingizi kwa ajili ya jibu hilo. Mambo yote yalikuwa yamejipanga kichwani mwangu. Daktari alikuwa amekosea, mama naye alikuwa anaomba kitu kisichofaa. Kioko hakuwa mvivu wala mguu haukuwa na tatizo. Alikuwa amejijengea nyumba isiyo na mlango, basi angetokea wapi? Na mguu ulikuwa unaendelea kukauka. Nilikuwa nikiukagua akilala mchana, nikiupapasa kidogo kwa kidole kuona kama umeanza kuwa kama kuni.

Nilikuwa nimemtazama akifanya kazi kwa muda mrefu, kwa hiyo nilijua pa kwenda. Kila kipande cha picha kilikuwa na alama yake. Duara lilimaanisha hapa panapitika. Mkato, ule anaokutia mwalimu ukikosa hesabu, ulimaanisha hapapitiki. Alasiri moja Kioko alimeza dawa yake ya maumivu akalala fofofo, stima zilikuwepo, na mama alikuwa Ayany. Nikapanda juu ya kiti. Nikatafuta bati la nyumba yetu, nikalikuta limetiwa mkato, nikabonyeza, mkato ukageuka duara. Nikahifadhi mara tatu kama alivyokuwa akinisisitizia, maana stima za kwetu zilikuja na kuondoka zilivyopenda. Kisha nikaketi sakafuni karibu na kitanda nikingoja ainuke na kutoka nje.

Aliinuka, lakini alikwenda kwenye kompyuta. Hakunitazama. Akafungua gemu, akamwongoza shujaa kuelekea kwa Baba Rispa. Shujaa akaingia ukutani, akatokea upande wa pili.

Kioko akasimamisha mkono. Akamrudisha. Shujaa akapita tena katikati ya bati kana kwamba ni moshi. Akamwelekeza kanisani, akapita. Chooni, akapita. Akapanda juu ya paa la Mama Shiko na kutembea huko juu kama paka, huku Mama Shiko chini akisema maji haitoroki. Mimi nilikuwa sielewi chochote. Niliowafungulia ni sisi peke yetu! Nisilolijua ni kwamba Kioko alikuwa amejenga mtaa mzima kwa kipande kimoja cha bati, na programu ile haikujua bati la nani ni la nani. Kufungua ukuta wetu kulikuwa kumefungua kila ukuta wa Laini Saba.

"Mumbua. Nani amegusa hii kitu?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia yote kwa pamoja, mlango, ubao, daktari, kuni, kamasi zikinitoka. "Nilikuwa nataka utoke. Hukujiwekea mlango. Mguu unakauka na hukujiwekea mlango."

Alimtazama tena shujaa wake, ambaye sasa alikuwa amesimama ndani ya ukuta wa kanisa. Na hapo kicheko kikamrudia. Kilianza puani, kikashuka tumboni, akashika ubavu, akapiga meza, mpaka jirani akagonga bati kuuliza kama tuko salama. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake. Nilicheka pia, ingawa nilikuwa bado nalia, na sijui kama tangu siku hiyo nimewahi kufurahi hivyo.

Baadaye akasema, "Wacha tuone anafika wapi." Akamwacha shujaa atembee moja kwa moja, akipita nyumba za watu bila hodi. Mwisho wa kichochoro Kioko alikuwa ameweka ua wa mabati wa kuficha sehemu aliyokuwa hajaimaliza. Shujaa akaupita ua pia. Kukawa na reli, mistari miwili niliyomsimulia kwa kuiona kwa mbali, na baada ya reli kukawa na giza tupu. Shujaa alisimama ukingoni na jezi yake nyekundu.

"Ng'ambo ya reli kuko na nini?" Kioko akauliza.

"Sijui."

"Si uliniletea kila kitu?"

"Mama alinikataza kufika kwa reli. Mimi naishianga kwa maji. Reli naionanga tu nikiwa hapo."

Feni ya kompyuta ikaendelea kulalamika. Nilidhani amekasirika kwa sababu gemu yake haina mwisho, na haina kwa sababu yangu. Lakini alikuwa akiyatazama magongo, na kikapu cha vitunguu kilichokuwa kimeyaelemea.

"Wewe umekatazwa," akasema polepole. "Mimi sijakatazwa."

Akaniambia nitoe kikapu. Nikatoa kikapu, nikatoa taulo. Akajiinua, jasho likamtoka kabla hata hajafika mlangoni. Akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja.

"Haya, twende."

Nimetembea sehemu nyingi tangu siku hiyo, na hakuna safari ninayoikumbuka hatua kwa hatua kama ile. Kioko aliutazama ubao wa mtaro akasema, "Kumbe ni mwembamba hivi?" Aliitazama nyumba ya Baba Rispa akasema mlango si wa buluu, ni wa kijani, nami nikamwambia ni buluu ya kijani. Tulipomfikia mbwa, Kioko alisimama akatazama chini, kisha akanitazama mimi.

"Huyu?"

"Ndiyo."

"Huyu ndiye ng'ombe?"

Alikuwa kambwa ka rangi ya udongo, kamelala jua likikapiga, na hakakufungua hata jicho. Sikuwa nimemdanganya Kioko. Kwa kimo changu na woga wangu, mbwa yule alikuwa mkubwa vile.

Kisha likatokea lile alilokuwa akiliogopa. Ncha ya gongo moja iliteleza kwenye matope, akaanguka chali, watu wakageuka kutazama. Nikafumba macho nikingoja mfupa ulie. Nilipofumbua, Baba Rispa alikuwa ameacha nyundo, amemshika Kioko kwapani, anamketisha juu ya debe. Alimpapasa mguu kama anavyopapasa jiko. "Uko sawa, kijana. Ni hii gongo ndiyo mbaya. Haina mpira huku chini."

"Unaweza nitengenezea, mzee?"

Baba Rispa akalichukua gongo, akaligeuzageuza, akaliegemeza ukutani pamoja na majiko ya watu. "Weka hapo, ukuje kesho."

Kioko aliangua kicheko hadi karibu adondoke kutoka kwenye debe. Baba Rispa akanitazama kuuliza kama mgonjwa wangu ana akili timamu, nami nilikuwa nimejishika tumbo. Angeelewaje? Kijana asiyemjua, aliyekuwa hajawahi kumwona, alikuwa amemsikia akisema maneno hayo mara elfu. Mzee alitutazama, akautazama mguu, akaona kwamba mteja huyu hawezi kwenda popote hadi kesho. Akakata kipande cha tairi, akakipigilia msumari chini ya gongo, akakata kingine kwa la pili. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona Baba Rispa akimaliza kazi siku hiyo hiyo, na alitufukuza kabla habari haijaenea.

Tukafika relini. Nilisimama mahali nilipokatazwa kupita, Kioko akaendelea kidogo, akapanda mwinuko uliobeba reli akiegemea magongo, akasimama juu kabisa. Nikamwita kumuuliza anaona nini. Akanipungia mkono, nikasahau makatazo ya mama nikapanda.

Huko ng'ambo hakukuwa na la ajabu. Kulikuwa na vibanda, akina mama wanaouza viatu vya mitumba, sufuria ya maharagwe ikichemka, mabati mengine kama yetu yakiteremka hadi macho yalipochoka. Katika kibanda kimoja fundi wa redio alikuwa ameinama juu ya kazi yake na moshi mwembamba ukimpanda usoni. Upepo ukatuletea moshi ule. "Unaskia hiyo harufu?" Kioko akaniuliza. Alivuta pumzi mpaka kifua kikajaa. "Maze, nilikuwa nime-miss hiyo harufu."

Mama alitukuta hapo, tumekaa kwenye mwinuko. Alikuwa amefika nyumbani akakuta mlango wazi na kitanda kitupu, akaja akikimbia na kiatu kimoja mkononi, akiuliza kila mtu. Alinitazama mimi kwanza.

"Na wewe, nani amekuruhusu kufika hapa?"

"Ni mimi nimemleta," akasema Kioko.

Mama akafungua mdomo kumgombeza na badala yake akakaa chini kwenye kokoto. Akaushika ule mguu wenye matope kwa mikono yake yenye harufu ya sabuni ya Ayany. Alikuwa analia, na nilishangaa kwa nini mtu alie wakati ambapo mwishowe tumefanya alichokuwa akitaka.

Baada ya siku ile Kioko alitoka kila siku, mwanzo na magongo mawili, kisha moja. Mguu haukukauka, ingawa hata leo anachechemea mvua ikikaribia. Alianza kwenda kuketi kwa yule fundi wa redio, kisha akaanza kumsaidia, na muda wa gemu ukapungua. Mimi sikuhitaji tena kumletea nje, nikakosa kazi, nikasikitika kidogo. Kabla hatujafikiria kuicheza tena, stima zilirudi kwa kishindo jioni moja na kuunguza kitu ndani ya kompyuta. Ikafungwa ndani ya gunia. Tukahama, tukahama tena, tukarudi Kawangware, na gunia likahama nasi. Kichochoro kile chenyewe nasikia kimebomolewa na kujengwa upya. Nilipita upande huo mwaka jana na sikuweza hata kujua tulikokuwa tukiishi.

Kwa hiyo juzi, Kioko akiwa amekwisha kuifufua, skrini ilipowaka pale kibandani na nikaiona ile rangi ya kutu, nilishika mdomo. Kioko alijifanya anaendelea kulehemu. Nikachukua kibodi. Ubao upo. Baba Rispa, aliyekwisha kufariki, Mungu amrehemu, akaniambia niweke hapo nije kesho. Mchungaji akasema Jumapili hakuniona, na safari hii alikuwa na haki. Kuta zilikuwa zimerudishiwa mikato yake yote. Mbwa alikuwa bado mkubwa kama ng'ombe. Kioko alikuwa amemwona kwa macho yake, na hakumpunguza.

Nikamrudisha shujaa hadi pale anapoanzia. Nyumba yetu ilikuwa na mlango.

"Uliweka lini?" nikauliza.

"Fungua," akasema bila kuinua kichwa.

Ndani kulikuwa na kitanda, pazia la maua, na magongo yaliyotundikiwa kikapu. Mama alikuwa kwenye jiko, akasema, "Kioko, toka hapo ukule." Na karibu na mlango kilisimama kitoto cha kike chenye sketi ya shule na mtungi wa maji mkubwa kukishinda. Nilikuwa nimengoja miaka yote hii kujua mimi husemanga nini, na sasa kidole kilikuwa kinaogopa.

Nikabonyeza.

"Nimekuletea nje!" kikasema.

Machozi yalikuwa yameshanijaa, nikabonyeza tena ili kufunga yale maandishi. Hayakufungika. Yakatokea maandishi mengine chini yake, na mwanzo sikuelewa ni ya nani, kwa sababu katika gemu ile nzima, tangu siku ya kwanza, yule kijana wa jezi nyekundu hakuwa amewahi kusema neno.

"Haya," akaniambia. "Twende."